Taa ya omena ndani ya oveni na friza: shajara ya majaribio ya mkazo, Kisumu

8 Januari 2024: malalamiko na mpango

Taa yenyewe ni ya wati 20, volti 12, na betri yake ni ya LiFePO4 (aina ya lithiamu), Ah 20. Hukaa juu ya kiboya usiku kucha omena, dagaa wa Ziwa Viktoria, wakijikusanya chini yake. Mwezi ukiwa mpevu inapumzika, kwa kuwa omena hawaifuati taa ziwa zima likiwa na mwanga. Kati ya taa zetu 60 zilizoko majini kuanzia Dunga hadi Uyoma, 11 zimerudishwa. Nane kati ya hizo zina lalamiko moja: inazima saa nane au saa tisa usiku, na asubuhi betri ikipimwa bado ina nusu. Mezani, zote nane zinawaka mpaka kunakucha.

Kuziacha mezani tukingoja ziharibike ni kupoteza mwaka. Tunatumia HALT, mbinu iliyopewa jina hilo na mhandisi Gregg Hobbs wa Marekani mwaka 1988: unaongeza mkazo hatua kwa hatua mpaka kitu kiharibike, unatafuta chanzo, unarekebisha, unaongeza tena. Mpangilio wake una maana. Baridi hutangulia kwa kuwa ndiyo inayoharibu kidogo zaidi, kisha joto, kisha kuhamisha ghafla toka baridi hadi joto, kisha mtetemo, mwisho mikazo miwili pamoja. Ukianza na mtetemo utavunja bodi zote kabla hujajua lolote kuhusu joto.

Hapa ndipo ubishi huanzia, kwa hiyo tuliseme mapema: jaribio hili haliigi ziwa, na halitakuambia taa itadumu miaka mingapi. Linakuonyesha kiungo dhaifu kiko wapi, basi.

Betri haiingii kwenye oveni wala friza. Kuchaji lithiamu chini ya nyuzi 0 huacha metali ya lithiamu juu ya anodi, na juu ya nyuzi 60 umeshavuka kiwango cha mtengenezaji. Badala yake tunatumia pawa saplai ya mezani, volti 12.8, ikiwa nje na nyaya zikipita kwenye tundu.

20 Januari: oveni, na bodi mbili zilizoharibika

Kabati la chuma la faili, kuukuu, limefungwa pamba ya glasi pande zote. Ndani kuna koili ya wati 1000 ya jiko la umeme na feni ambayo mota yake iko nje, mhimili tu ndio unaoingia. Kidhibiti joto cha PID kinasoma thamokapo aina ya K (kipimajoto cha waya) na kuendesha rilei ya SSR (swichi ya umeme isiyo na sehemu inayosogea). Tulifikiria kutumia friji mbovu, tukaacha: plastiki ya ndani hulegea kabla ya kufika nyuzi 100. Gharama: kabati 2,500, pamba 1,800, koili 1,050, kidhibiti na SSR 3,200, feni 1,500. Jumla KSh 10,050.

Usiku wa kwanza SSR ilikufa, na SSR ikifa kwa kawaida hufa ikiwa imefunga saketi. Kidhibiti kilikuwa kinaonyesha kimezima, koili ikaendelea kuwaka. Asubuhi oveni ilikuwa nyuzi 140 na plastiki za bodi mbili zimekuwa uji. SSR iliandikwa ampea 40, nasi tulikuwa tunapitisha ampea 4 na kidogo, lakini ilifungwa moja kwa moja kwenye ubao bila bamba la kupoza.

Marekebisho: SSR mpya kwenye bamba la alumini (KSh 1,300), na fyuzi ya joto ya nyuzi 121, ile ya kwenye sufuria ya umeme ya kupikia wali, imeungwa mfululizo na koili (KSh 150). Ukiiga mradi huu, anza na hiyo fyuzi kabla ya kitu kingine chochote. Ibane kwa koleo au skrubu. Ukiilehemu utaiunguza palepale.

Thamokapo ya pili iko juu ya bodi yenyewe. Hewa ikifika nyuzi 80, bodi huchukua dakika 25 kuifikia. Hesabu muda kuanzia bodi ilipofika.

29 Januari: wiki iliyopotea

Wiki nzima tulipasha bodi, tukaitoa, tukaiacha ipoe, ndipo tukaiwasha. Kila mara ilikuwa nzima. Bila shaka: kasoro nyingi za joto hujificha kitu kikipoa. Bodi lazima iwe inafanya kazi na inapimwa ikiwa ndani ya mkazo.

Kwa hiyo sasa kuna kompyuta ndogo moja ya ESP32 na vipimo vinne vya INA219, kimoja kwa kila bodi, vikirekodi volti na mkondo kila sekunde. Hata hivyo sekunde ni ndefu mno kwa kiungo kinachokatika na kurudi, basi kila taa ina optokapla (kipitisha ishara kwa mwanga) inayogusa pini ya ESP32 na kuamsha programu pale mwanga unapokatika, hata kwa milisekunde 1. KSh 3,200 vyote. Rekodi huhifadhiwa kwenye kadi, na stima ikirudi baada ya kukatika ESP32 huandika saa na kuanza upya. Jaribio lililokatika katikati tunalirudia kuanzia hatua ile.

5 Februari: baridi

Friza ya mtumba, KSh 12,000, inafika nyuzi −22. Tulishuka nyuzi 10 kwa kila hatua, dakika 40 kila moja.

Kwenye −20 bodi moja kati ya nne ilianza kwa ampea 0.9 badala ya 1.6. Baada ya dakika moja hivi ikarudi 1.6 yenyewe. Bila rekodi tusingeiona kamwe.

Chanzo ni mosfeti ya IRFZ44N, yaani swichi ya elektroniki, ambayo geti lake (mguu unaoiamuru) linapewa volti 5 kutoka ATtiny85, chipu ndogo inayoendesha programu ya taa. Mosfeti hii huanza kufunguka popote kati ya volti 2 na 4, na takwimu zake za ukinzani mdogo zimetolewa kwa volti 10 kwenye geti. Kizingiti hicho hupanda kadiri baridi inavyozidi, takriban milivolti 6 kwa kila nyuzi. Toka 25 hadi −20 ni kama volti 0.27. Ile yenye kizingiti cha juu ikabaki nusu wazi, ikapata moto kwa sababu hiyo, moto ukashusha kizingiti, ikafunguka. Ilijitibu mbele ya macho yetu.

Swali lililokuja mara moja: Kisumu kuna nyuzi −20 wapi? Hakuna. Lakini baridi imetuonyesha kwamba bodi hii ilikuwa na volti 0.27 tu za akiba, na tofauti ya mosfeti moja na nyingine kwenye mfuko uleule inazidi hapo. Mzigo ujao wa mosfeti ungeleta kasoro ileile kwa nyuzi 25. Ndiyo maana hatuiiti kasoro ya baridi.

Tumebadilisha kuwa IRLZ44N. Miguu yake imepangwa vilevile, kizingiti ni volti 1 hadi 2, na ukinzani wake umeandikwa kwa volti 5. Kila moja tunaipima kabla ya kuilehemu: unganisha geti na dreni, pitisha volti 9 kupitia rezista ya kiloomu 22, kisha soma volti kati ya geti na mguu wa tatu, sosi. Hicho ndicho kizingiti kwa mkondo wa karibu mikroampea 300. Bodi zote sasa zinafika −22 bila kuyumba, na friza yetu haishuki zaidi ya hapo.

14 Februari: joto

Bila boksi, kwa kuwa plastiki yake ya ABS hulegea karibu na nyuzi 100 na hilo halirekebishiki kwa bei hii. Nyuzi 60, 70, 80, 90: kimya. Kwenye 95 bodi zote zilianza kujizima na kujiwasha kila sekunde chache.

Ni regyuleta ya 78L05. Inapokea volti 14.4 wakati wa kuchaji, inatoa 5 kwa miliampea 30: wati 0.28. Kifurushi chake kidogo cha miguu mitatu hupanda kama nyuzi 180 kwa kila wati, yaani nyuzi 50 juu ya hewa. Ukijumlisha na 95 inajizima kwa ulinzi wake wa ndani. Karibu nusu ya zile miliampea 30 zilikuwa zinaliwa na taa ndogo ya kijani ya kuonyesha chaji, kupitia rezista ya omu 220! Tumeweka kiloomu 2.2, macho hayaoni tofauti, mkondo umeshuka hadi 18, na bodi sasa inavuka 110. Gharama ni shilingi chache.

Kapasita ya elektroliti ya µF 1000 ilikuwa ya nyuzi 85. Haikufa, lakini tumeibadilisha kwa hesabu. Kanuni ya mafundi ni kwamba uhai wake huongezeka mara mbili kwa kila nyuzi 10 unazoshuka. Ndani ya boksi, taa ikiwaka, tulipima 55. Kapasita ya saa 2,000 kwa nyuzi 85 itapata saa 16,000. Ya saa 2,000 kwa nyuzi 105 itapata 64,000. Kwa saa 12 kila usiku, ya kwanza ni miaka mitatu na nusu hivi, na ya pili itaizidi betri umri. Tofauti ya bei ni KSh 15.

26 Februari: friza hadi oveni

Bodi inatoka −20, inaingia 80, nusu saa kila upande, mara 30. Mara ya kwanza hewa ya Kisumu iligeuka umande juu ya bodi ilipotoka tu kwenye friza, na rekodi ikajaa kasoro za maji. Dawa ni kuifunga kwenye mfuko wa plastiki wenye silika jeli kabla ya kuiingiza friza.

Tulichopata: kapasita ya seramiki karibu na tundu la skrubu imepasuka na kufunga saketi. Ufa ulianza bodi ilipopinda skrubu ikikazwa; joto na baridi viliumalizia tu. Tumeihamisha milimita 12 kutoka kwenye tundu na kuilaza sambamba na ukingo.

11 Machi: mtetemo

Mashine halisi za HALT hutumia nyundo za hewa zinazopiga pande zote kwa masafa mengi kwa pamoja. Yetu ni bamba la chuma la milimita 3, sentimita 30 kwa 30, lililochomelewa Kibuye, linaning'inia kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Chini yake kuna mota ya 775 yenye uzito wa gramu 30 uliowekwa milimita 20 nje ya katikati. Bamba, mota na bodi vyote ni kilo 3. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika hiyo ni g 2 (mara mbili ya mvutano wa dunia), kwa 4,500 ni g 4.5. Mtetemo ni wa mwelekeo mmoja na masafa mamoja kwa wakati, hivyo bodi tunaigeuza mara tatu na mwendo tunaupandisha polepole toka Hz 25 hadi 100. KSh 4,950 pamoja na kipimo cha mtetemo cha ADXL345.

Makosa mawili kabla ya matokeo. Bamba la kwanza lilifungwa kwa bolti kwenye meza, ikatetemeka meza. La pili ni la kipimo: ADXL345 ikiwashwa bila kuelekezwa husoma mara 100 kwa sekunde, na mtetemo wa Hz 75 ukisomwa hivyo unaonekana kama Hz 25. Siku mbili tulitafuta Hz 25 isiyokuwepo. Iweke isome mara 3,200, ikiungwa kwa nyaya za SPI.

Kwenye Hz 75, dakika ya 18, ile kapasita ndefu ya µF 1000 ilikatika miguu yote miwili. Ni mitikisiko 81,000. Tukailaza na kuibana kwa silikoni ya dukani, na hapo tukajiletea balaa jipya: baada ya wiki mbili shaba iliyo karibu ilikuwa ya kijani. Silikoni inayonuka siki hutoa asidi ikikauka. Tafuta ile isiyonuka siki. Mkebe huandikwa kuwa ni salama kwa metali au vioo vya kujitazamia. Bei ni karibu mara mbili, na hakuna njia ya mkato.

La kushangaza zaidi lilikuwa skrubu za betri. Optokapla ilinasa mikatiko ya milisekunde 4 hivi, mamia yake, huku INA219 ikionyesha mstari ulionyooka. Ncha za nyaya zilikuwa zimepakwa lehemu kabla ya kubanwa, jambo ambalo wengi wetu tulifundishwa kuwa ndio ufundi safi. Lehemu ni laini. Ikibanwa hutambaa taratibu na skrubu inalegea. Sasa ncha ni shaba tupu ndani ya kikofia cha metali kinachobanwa kwa koleo lake. Mikatiko sifuri kwa saa 6.

2 Aprili: unyevu, na ile saa nane ya usiku

Hadi leo hakuna kilichoeleza zile taa nane. Masika yameanza, na malalamiko yameanza tena.

Huna haja ya kununua chemba ya unyevu. Chumvi ya mezani iliyoloweshwa kidogo, ndani ya chombo kilichofungwa, hushikilia unyevu wa karibu asilimia 75, na haibadiliki sana joto likipanda. Kilo 1 ya chumvi kwa mililita 400 za maji. Iwe uji mzito wenye chumvi isiyoyeyuka, ikiyeyuka yote umeharibu. Beseni la plastiki lenye kifuniko, feni ndogo ndani, vyote kwenye oveni nyuzi 60. KSh 1,100.

Raundi ya kwanza ilitudanganya. Chumvi hupanda ukutani ikijijenga fuwele juu ya fuwele, na siku ya tatu ilikuwa imefika kwenye bodi. Weka uji kwenye bakuli refu katikati, na bodi itundikwe kwa uzi wa nailoni bila kugusa ukuta.

Raundi ya pili, saa ya 31: taa ikazima, pawa saplai ikiwa kwenye volti 12.8. Tukafungua, tukaiacha mezani dakika 20, ikawaka. Hii ndiyo ile.

ATtiny husoma betri kupitia rezista mbili, megaomu 1 juu na kiloomu 330 chini, zilizochaguliwa kubwa ili zisile betri. Chini yake kulikuwa na fluksi (utomvu unaosaidia lehemu kushika) iliyobaki baada ya kulehemu, inayong'aa kidogo ukiinamisha bodi kwenye mwanga. Fluksi ikinyonya unyevu hupitisha umeme. Tulipima megaomu 5 kati ya pini mbili zilizopaswa kutenganishwa kabisa. Megaomu 5 sambamba na kiloomu 330 ni kiloomu 309.6, na betri ya volti 12.8 inasomeka 12.2. Ongeza kushuka kwa volti kwenye waya mrefu wa betri na umefika 12.0 ambapo programu hukata. Kwa betri ya risasi pengine ingekuwa kosa dogo zaidi. LiFePO4 hukaa karibu na volti ileile tangu ijae mpaka ikaribie kuisha, kwa hiyo nusu volti ni nusu ya betri. Na saa nane usiku ndipo hewa ya juu ya maji imepoa na boksi limejaa umande. Fundi akiifungua saa nne asubuhi juani, imeshakauka.

Marekebisho ni matatu, na tumeyafanya yote pamoja. Rezista sasa ni kiloomu 100 na 33: kwa uvujaji uleule wa megaomu 5, volti 12.8 inasomeka 12.74. Zinakula chini ya mikroampea 100, yaani kama mAh 2.3 kwa siku kwenye betri ya mAh 20,000. Pili, kila bodi inasuguliwa kwa mswaki na spiriti ya isopropili, asilimia 99, mara mbili, spiriti ya pili ikiwa safi. Ukitumia ileile ya kwanza unaipaka fluksi bodi nzima. Tatu, vanishi ya bodi, tabaka mbili, baada ya kukausha kwenye oveni nyuzi 60 kwa saa moja. Vanishi juu ya fluksi ni kumfungia mchawi ndani ya nyumba.

Saa 400 kwenye beseni, hakuna mabadiliko.

29 Aprili: raundi ya pili na hesabu

Bodi tatu mpya zenye marekebisho yote zimepita mzunguko mzima. Mtetemo ndani ya oveni nyuzi 80 (mota nje, fimbo inapita ukutani) haukuleta jipya isipokuwa fimbo yenyewe kukatika.

Matumizi: oveni na matengenezo yake 11,500, friza 12,000, mtetemo 4,950, kurekodi 3,200, unyevu 1,100, na bodi saba zilizoharibiwa kwa 1,900 kila moja, 13,300. Jumla KSh 46,050. Marekebisho yote yameongeza takriban KSh 140 kwa kila taa, sehemu kubwa ikiwa vanishi na muda wa kuosha.

20 Mei: kuchuja kila bodi

Sasa kila bodi hupita chujio jepesi kabla ya kufungwa: −10 hadi 75 mara tatu, kisha mtetemo wa g 2 dakika 10, ikiwaka na kurekodiwa muda wote. Ili kuhakikisha chujio halili uhai wa bodi nzuri, bodi mbili tulizipitisha mara 20 kila moja. Ziko sawa, hivyo mara moja haina madhara ya kuhesabika.

Kati ya 40 za kwanza, tatu zimenaswa. Moja ilikuwa na kiungo kilicholehemewa vibaya. Mbili zilipungua mkondo kwenye −10, na mosfeti zake, zilizoandikwa IRLZ44N, zilipotolewa zilipima kizingiti cha volti 3.4: ni IRFZ44N zilizofutwa na kuandikwa upya. Zilitoka kwenye mfuko ambao hatukuupima kwa haraka ya siku hiyo. Mfuko mzima umerudishwa.

Taa nane zimebadilishiwa rezista, zimeoshwa, zimerudi majini tangu 12 Aprili. Mpaka leo moja imerudi, plagi ya paneli ya jua ikiwa na kutu ya kijani. Hiyo hatujaigusa, plagi za aina mbili zisizopitisha maji zimeagizwa Nairobi, na zikifika zinaingia kwenye beseni la chumvi zikiwa zimebeba ampea 5.